Msimu wa Majaketi ya Bluu

Jumamosi, 27 Aprili 2002

Mbio za farasi za London na viunga vyake haziwezi kuanza vizuri kabla sijafika mimi. Hayo si majivuno, ni jambo linalojulikana, na asiyelijua aulize pale getini Sandown, ambapo askari wa mlango akiniona huangalia saa yake, ndipo anaamini kwamba saa haijakosea. Mpwa wangu Marion, ambaye ni nesi na ndiye ninayekaa kwake hapa Thornton Heath, amenipa shajara hii aliyoipata bure kutoka chama cha wafanyakazi wao. Akasema, "Mjomba, hizo hadithi zako ziandike humo, mimi nimechoka kuzisikia nikiwa nimesimama mlangoni na koti mkononi." Basi naandika. Historia ikitaka kuuliza, itajua pa kubisha.

Jina langu ni Njoroge. Kazi yangu ni farasi tangu utotoni. Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Ngong, kule Nairobi, na farasi mkali wa zizi lile alikuwa akisikia kikohozi changu tu, anajipanga foleni ya maji mwenyewe. Shule niliiachia darasa la tano kwa sababu mimi na mwalimu hatukukubaliana nani amfundishe mwenzake.

Siku hizi niko na Kishor. Kishor ni buki, yaani mpokea dau wa uwanjani. Yeye anasimama juu ya sanduku, ubao wa bei za farasi uko kando yake, na mbele yake unaning'inia mkoba mkubwa wa ngozi ulioandikwa KISHOR – HARROW. Watu wanamletea dau zao. Mimi nasimama chini. Nazunguka nikiangalia mabuki wengine wameandika bei gani, kisha narudi mbio namwambia, na yeye anapandisha au anashusha. Yeye ni mdomo, mimi ni macho. Baba yake alikuwa buki Ngong wakati mimi nikifagia zizi, halafu familia yao ikahamia Harrow. Nilipokuja London, siku moja Kempton nikamsikia mtu akimtukana farasi kwa Kiswahili cha River Road ya Nairobi, tusi ambalo siwezi kuliandika katika shajara ya manesi. Nikasema, huyu ni wa kwetu. Tangu siku hiyo hatujaachana.

Sasa sikiza kilichotokea leo, maana mkono unaandika ukiwa umekunja ngumi.

Yogesh, mtoto wa Kishor, amekuja na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kuna majaketi. Nailoni, rangi ya bluu ile ya usiku, zipu kutoka kitovuni hadi kidevuni, mifuko mirefu ambayo ungeweza kuficha kuku, na mgongoni maandishi meupe: KISHOR NA MWANA.

"Anko," akaniambia, kwa Kiingereza chake cha Harrow, lakini mimi naandika kwa Kiswahili kwa sababu kalamu ni yangu, "kuanzia msimu huu tunavaa hii. Suti basi."

"Mimi si mtu wa kukusanya toroli za supamaketi."

"Toroli zina afadhali, hazijibu."

Nikamgeukia Kishor anitetee. Kishor, mtu ambaye suti yake ya miraba ya kahawia na manjano ilijulikana kutoka hapa mpaka Newmarket, alikuwa tayari amevaa lake. Amelifunga zipu mpaka juu, mikono mifukoni, kama mtu anayengoja basi.

"Njoroge bhai," akasema, "acha maneno. Farasi wanatoka."

Nikasimama na suti yangu siku nzima. Mwishoni Yogesh akanipa amri yake: nina mpaka ile Jumatatu ya mapumziko ya mwisho wa Agosti kuzoea. Baada ya hapo asiyevaa jaketi hasimami na wao. Mimi. Nisisimame na Kishor. Kijana ambaye nilimbeba mabegani akala aiskrimu juu ya kichwa changu.

Jumapili, 28 Aprili

Bado nimekasirika.

Jumatano, 8 Mei

Kempton, mbio za jioni. Wacha nieleze mambo ya mavazi, maana watakaokuja nyuma yetu watadhani mabuki walizaliwa na zipu.

Zamani buki alikuwa anavaa kwa kelele. Kofia ya ukingo, kizibao, tai, suti yenye miraba inayoweza kuamsha mgonjwa. Tom, buki wa Croydon anayesimama kando yetu, alikuwa na moja ya miraba myekundu kama kitambaa cha meza, mpaka siku moja mama mmoja akaweka kikombe chake cha chai begani kwa Tom akaondoka. Watu hucheka, lakini kulikuwa na akili ndani yake. Wewe mteja umempa mtu usiyemjua pesa zako kabla ya mbio. Farasi wako akishinda, utampataje katika umati ule? Unatafuta manjano. Mtu aliyevaa miraba ya manjano hawezi kutoroka na dau za watu, ataonekana mpaka Heathrow. Suti ilikuwa dhamana. Suti ilikuwa inasema: mimi nipo hapa, na mbio zikiisha nitakuwa bado nipo hapa.

Halafu kulikuwa na wale wa glavu nyeupe. Walisimama juu ya masanduku wakipelekeana bei kwa ishara za mikono, sikio, pua, bega, kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine. Mimi niliijua lugha yao yote. Jioni moja nilibishana na mmoja wao kwa ishara hizo kwa hasira mpaka ndege moja ikaanza kushuka ikidhani naiongoza. Sasa wamekwisha. Simu za mkononi zimewamaliza.

Na mzee wake Kishor, pale Ngong, alivaa suti nyeupe kila Jumapili, nyeupe kama maziwa, katikati ya vumbi lile jekundu, na jioni ilikuwa bado nyeupe. Vumbi lilimheshimu.

Leo nimeutazama mstari wote wa mabuki. Bluu, bluu, nyeusi, bluu. Bibi mmoja amempa dau lake fundi aliyekuja kukaza kamba za hema. Fundi wa watu amesimama na noti mkononi, hajui apeleke wapi. Hapo ndipo tulipofika.

Na si majaketi tu. Yogesh ameleta kompyuta na mashine ya kutema tiketi. Zamani Kishor alipokea noti kwa mkono wa kushoto, akaitupa mkobani bila kuangalia, na kwa mkono wa kulia tayari amekupa tiketi ya kadi. Ilikuwa kama ngoma. Sasa Yogesh anapokea, Yogesh anabonyeza, Yogesh anatoa. Kishor anasimama tu juu na mikono mifukoni, anaita bei. Mtoto amemnyang'anya baba yake kazi akamwachia kelele.

Ijumaa, 31 Mei

Senegal wamewapiga Ufaransa kwenye Kombe la Dunia. Nilikuwa nimewaambia.

Jumamosi, 8 Juni

Derby, mbio kubwa kuliko zote za mwaka, pale Epsom. Hii ndiyo siku ambayo aibu ilivaa viatu ikatembea. Wateja wamekuja na kofia ndefu nyeusi na makoti yenye mkia, wanawake wamebeba bustani vichwani, na sisi tunaopokea pesa zao tumevaa kama mafundi wa bomba. Mimi peke yangu nilikuwa na suti. Ndiyo maana watu walikuja kwetu, nasema kweli. Bwana mmoja wa kofia ndefu aliniuliza njia ya chooni kwa heshima ambayo hangempa mtu wa jaketi.

Tom alikuwa ametupia anoraki ya mvua juu ya tai yake.

"Njoroge," akasema, "leo umependeza kama maiti."

"Na wewe kama mfuko uliobeba maiti."

"Baridi ikikupata utaniomba."

"Sijawahi kuomba nguo tangu nibatizwe."

Akacheka, halafu akapunguza sauti. "Huyu Kish mbona siku hizi hachezi na noti? Watu wanauliza."

Nikamwambia aulize ile mashine. Lakini swali lake halikuondoka. Nikamtazama Kishor. Mbio kubwa imekaribia, uwanja unanguruma, na yeye kasimama wima katika nailoni, mikono chini ndani ya mifuko ile mirefu, anaita bei kwa sauti yake ya shaba. Amekuwa kasuku wa mtoto wake. Nikasema moyoni, huyu kijana nitamfunza kabla Agosti haijaisha.

Jumanne, 18 Juni

Mvua. Majaketi, eti, hayaingii maji. Suti yangu imeingia.

Jumatano, 3 Julai

Nimetoka kitandani kwa mara ya kwanza baada ya mafua yaliyokuwa makubwa kuliko ya kawaida, daktari mwenyewe alisema hajaona kifua kama changu. Marion alinipa supu na mdomo pamoja.

"Mjomba, si uvae tu hiyo jaketi?"

"Nikivaa nimeshindwa."

"Umeshindwa na nani? Yogesh ni mtoto."

"Ndiyo maana."

Siku chache kabla sijaugua alikuja Kempton kunichukua kwa gari, akasimama karibu na sanduku letu akingoja. Sasa akaniuliza, huku akikunja shuka, "Bwana Kishor anatumia dawa gani?"

"Dawa ya nini? Yule ni chuma."

"Nilimpungia mkono, hakutoa wake mfukoni. Alinipungia kwa kichwa."

"Kulikuwa na baridi."

"Ilikuwa Juni, mjomba."

Nikamweleza ile habari ya ndege iliyoshuka, akaenda zamu.

Jumamosi, 20 Julai

Leo hakukuwa na kazi, nikapanda treni ile ndefu mpaka Harrow. Kishor na Yogesh walikuwa wametoka. Mama Lila, mkewe Kishor, alinikaribisha jikoni, chai ya tangawizi, chevda ya kutafuna, maneno ya Nairobi. Huyu mama anaongea Kiswahili kizuri kuliko mabalozi.

Mlangoni kulikuwa na magunia ya kupeleka duka la msaada. Juu kabisa nikaona miraba ya manjano. Damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama, hii suti inaenda wapi?"

"Yeye amesema itoke. Havai tena."

"Yeye au Yogesh?"

Alimimina chai ingine ambayo sikuomba.

"Nipe mimi nikuwekee. Nitaipeleka kwa dobi, itakaa kwangu."

Akaishika ile suti kwa muda, anaondoa uzi begani ambao haukuwapo. "Chukua, Njoroge. Lakini usimpelekee. Umenisikia? Kama hataki, usimpelekee."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia.

Nimerudi nayo kwenye treni nimeikalisha kiti cha dirishani. Naijua sasa hila yote. Kijana anamvua baba yake kidogo kidogo: kwanza kofia, halafu kazi ya mikono, sasa suti inatupwa, na mama anaogopa kusema. Mwisho atamvua sanduku lenyewe. Na mimi nikiwa nimefukuzwa Agosti, nani atamzuia? Lazima Kishor asimame mara moja tu mbele ya watu akiwa amevaa kama Kishor. Watu wakimwona, watapiga makofi, na nailoni itakufa kifo cha aibu.

Jumatano, 7 Agosti

Mvua ya ajabu mchana, barabara zimekuwa mito, treni zimelala. Suti iko kwa dobi.

Jumamosi, 17 Agosti

Niandike polepole.

Sandown ilikuwa imejaa, jua kali. Tangu Jumatatu nilikuwa nimemwambia Tom mpango wangu, na kumwambia Tom ni kama kutundika bango. Nilipofika na ile suti kwenye hanga, ndani ya plastiki ya dobi, mabuki walikuwa wamegeuka wote kunitazama, na nyuma yao wateja wa siku nyingi, wale wazee wanaomjua Kishor tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ilikuwa bado nusu saa kabla ya mbio ya kwanza.

Nikasimama mbele ya sanduku. Nilikuwa nimejitengenezea hotuba.

"Bwana Kishor," nikasema kwa Kiingereza ili wote wasikie, "shuka. Mfalme havai nailoni."

Watu wakapiga makofi. Yogesh akainua kichwa kutoka kwa kompyuta yake, uso umekuwa wa majivu.

"Anko, peleka hiyo kitu kwa gari."

"Wewe nyamaza. Naongea na baba yako."

"Anko, tafadhali." Hakuwahi kuniambia tafadhali mwaka huu wote. Mimi nikaisikia kama ushindi.

Kishor angeweza kusema hapana. Lakini nyinyi hamumjui. Mtu aliyesimama miaka yote hiyo juu ya sanduku mbele ya watu hakatai kitu mbele ya watu. Mzee mmoja akaita, "Haya Kish, tuonyeshe." Kishor akatabasamu kidogo, akasema, "Sawa. Leta."

Akashuka. Zipu aliifungua kwa kidole kimoja. Nikaona imefungwa pete ya funguo, ya kuivutia. Sikuuliza. Nikamvua jaketi, nikamvalisha kizibao, nikarudi nyuma hatua moja ili watu wamwone akijifunga mwenyewe, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya zamani, anavifunga vifungo kutoka juu kwenda chini huku akiita bei, bila kutazama.

Akashika kifungo cha kwanza. Mkono ukaanza. Ulikuwa ukipiga, kama mkono wa mtu anayegonga mlango mdogo. Kifungo kikateleza. Akakishika tena. Mkono wa pili ukaja kusaidia, na wenyewe ukaanza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ni mchezo. Kishor ana michezo. Nikacheka, nikasema kwa sauti ya uwanja mzima, "Mzee anaogopa farasi kipenzi wa mbio ya kwanza."

Sasa mtu asiyejua kazi yetu hataelewa ubaya wa maneno hayo. Pale uwanjani watu hawatazami uso wa buki, wanatazama mikono yake. Mikono ikitetemeka, wanasema huyu amebeba zaidi ya anachoweza kulipa, au anajua kitu kuhusu farasi fulani. Neno langu likakimbia kwenye mstari mbio kuliko mimi nilivyowahi kukimbia. Kish anatetemeka. Kish anaogopa. Wengine wakaja mbio kuweka dau kwa kile kipenzi, yaani farasi anayetarajiwa kushinda. Wengine waliokuwa na tiketi zetu wakaanza kuuliza kama watalipwa. Mzee yule yule aliyesema "tuonyeshe" akamwendea Tom. Na Tom, namshukuru kwa hili tu, akafunga mkoba wake akasema, "Mimi sijafungua bado."

Kishor alikuwa bado anakitafuta kile kifungo.

Yogesh akaruka meza. Akasimama kati ya baba yake na watu, amewapa watu mgongo, akalitandaza lile jaketi kama pazia. Nilisikia tu akisema kitu kwa Kigujarati, polepole, kama anavyoongea mtu na farasi aliyeshtuka. Jaketi liliposhuka, Kishor alikuwa amelivaa, zipu imefika kidevuni, mikono imezama mifukoni. Akapanda sanduku lake. Akaita bei. Sauti haikutetemeka hata nukta.

Sikukaa chini yake siku hiyo. Yogesh alinishika kiwiko akanipeleka mpaka maegesho.

"Ni mwaka wa pili sasa," akasema. "Ugonjwa wa neva. Hautaondoka."

Nikalitazama lile hanga tupu mkononi mwangu.

"Jaketi alichagua yeye, Anko. Alinipeleka dukani, akajaribu mifuko ya kila moja. Alitaka ndefu. Mashine ni yeye. Suti ni yeye aliyesema itoke, kwa sababu ya vifungo. Mimi natii tu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema wewe zaidi ya wote usijue."

"Kwa nini mimi zaidi ya wote?"

Akatazama viatu vyangu. "Alisema, Njoroge akijua leo, kesho wanajua Mombasa."

"Na wewe ukakubali nikuchukie."

"Mzee alisema wewe lazima umchukie mtu, na mimi bado kijana, nitastahimili."

Nimekasirika. Nimewakasirikia wote: Kishor kwa kuninyima siri kama mtoto, Yogesh kwa kustahimili, Tom kwa kuwa na adabu, na ule mkono, ule mkono wenyewe, kwa kazi yake chafu. Na huyu aliyeshika kalamu kuliko wote. Nilipofika nyumbani nilivua nguo kama mtu anayepigana, nikaivuta tai kwa nguvu zote nikaitupa nyuma ya kabati.

Jumapili, 18 Agosti

Sijaenda kanisani. Sijala.

Jumatano, 21 Agosti

Nilimwambia Marion. Hakushtuka. Aliendelea kumenya viazi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilihisi."

"Sasa kwa nini hukunieleza?"

"Nilikuuliza, mjomba. Ukanijibu kuhusu ndege."

Akaniwekea viazi mbele na kisu cha pili. Tukamenya.

Jumatatu, 26 Agosti

Leo ndiyo siku niliyopewa. Wao wako uwanjani, mimi niko Thornton Heath natazama jaketi ambalo sijawahi kulitoa kwenye mfuko wake. Nilijiambia wamenifukuza, halafu nikajiambia ukweli, kwamba hakuna aliyenifukuza, ni mimi ambaye sina uso wa kwenda.

Jioni simu ikalia.

"Njoroge. Leo ulikuwa wapi?"

"Mzee."

"Nani ananiletea bei? Yogesh hawezi kukimbia, amezaliwa Harrow."

"Mzee, nilidhani baada ya yale..."

"Kazi yako si kudhani. Kazi yako ni kuangalia."

"Sikuangalia."

Nilisikia Mama Lila akisogeza sufuria nyuma yake.

"Sikia," akasema. "Mkono wangu watu wameona, sawa, wangeona tu siku moja. Hiyo nimemeza. Lakini wewe ulisema naogopa yule farasi. Yule farasi, Njoroge. Alimaliza wa mwisho. Mimi kuogopa mnyama kama yule, mbele ya Tom."

"Nisamehe, mzee."

"Hiyo sijui. Hiyo nitafikiria. Jumatano ya wiki ijayo Kempton, usichelewe."

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda. Nimevaa jaketi la bluu, zipu mpaka kidevuni.

Tom aliponiona alivua kofia kama anayeona jeneza likipita. "Wamekupata, Njoroge."

"Hawajanipata. Hili si jaketi la kawaida. Nailoni hii ilitengenezwa kwa waokoaji wa baharini. Ukianguka nalo kutoka helikopta unaelea mpaka Ufaransa."

"Hapa Kempton?"

"Mto uko hapo nyuma."

Yogesh alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nadhani ameona ni msamaha ninaomba. Asubuhi Marion alinipiga picha mlangoni akasema, "Mjomba, hii ni heshima kubwa unamfanyia mzee." Nikamwacha aamini. Wote nimewaacha waamini. Nilikimbia jioni nzima, nilimletea Kishor kila bei, na watu wamerudi kwetu, maana siku ile alilipa kila mtu mpaka wa mwisho, na uwanja haukusahau hilo. Wanaiona mikono sasa, haifichi sana. Mama mmoja alimngoja mpaka akaipokea noti yake mwenyewe, na ilichukua muda, na foleni yote ikangoja.

Bado nina hasira. Itanikaa.

Kabla ya mbio ya mwisho Kishor aliinama kutoka kwenye sanduku akanitazama shingoni.

"Tai iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani. Mambo ya kale."

"Imefungwa?"

"Vilevile ulivyoiacha."

Akatikisa kichwa kuridhika, akarudi kwenye bei zake.

Nilimdanganya. Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile, pale maegesho ya Kempton, Kishor ndiye aliyenifunga tai, amesimama nyuma yangu mbele ya kioo cha gari, mikono yake imepita juu ya mabega yangu, mbio kama mtu anayegawa karata. Tangu siku hiyo sikuwahi kuifungua. Nilikuwa nailegeza, naitoa kichwani, naitundika msumarini, kesho naivaa. Fundo lilikuwa lile lile moja. Jumamosi ile nilipoivuta kwa hasira, likafunguka. Nimejaribu mbele ya kioo cha bafuni wiki hizi zote, Marion akiwa kazini, na kila mara linatoka fundo la kufungia mbuzi. Marion siwezi kumwomba, Yogesh siwezi, na Tom ndiyo kabisa. Aliyenifungia hawezi tena.

Heshima sijui, msamaha sijui. Nimevaa jaketi kwa sababu mimi, Njoroge wa Ngong, sijui kufunga tai.